Immaculata, Uvimbe Wake na Ngedere wa Bondeni

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Sogezeni vigoda karibu na redio. Aliye na maharage jikoni apunguze moto kidogo, yasije yakaungua halafu mkanilaumu mimi.

Leo tunamkumbuka Immaculata Uwimbabazi wa Songambele, kule upande wa Kyerwa. Immaculata Uwimbabazi. Mkulima, mjane, mama yake Theoneste. Amefariki mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na mitatu, kwa homa ya mapafu, nyumbani kwake, watu wake wakiwa wamemzunguka.

Nimesema homa ya mapafu. Likumbukeni hilo, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu habari ya leo inahusu ugonjwa mwingine kabisa. Ni ugonjwa uliomtisha mama huyu miaka kumi na mitatu iliyopita, mwaka 1985, mpaka akajichagulia na nyimbo za mazishi. Ugonjwa huo haukumuua. Ila ulimfanya aseme jambo ambalo mtu mzima mwenye afya yake halisemi.

Tuanze mwanzo. Immaculata alivuka kutoka Rwanda akiwa msichana mdogo, akimfuata baba yake aliyekuja kutafuta kibarua cha kulima. Akakulia Karagwe. Akaolewa na Hategekimana, naye mtoto wa vibarua vilevile. Wakapata kibanja chao Songambele, wakapanda migomba, wakapanda maharage, na kule chini bondeni wakapanda mikahawa. Mwaka 1975 Hategekimana akafariki. Immaculata akabaki na mtoto mmoja na majembe mawili.

Alikuwa mwanamke wa sauti. Nilipokwenda kuhani, jambo la kwanza aliloniambia mwanawe Theoneste lilikuwa hilo. "Mama hakuweza kunong'ona," aliniambia. "Hata akisali chumbani, njia nzima ilijua anamwomba Mungu nini." Kuku wake aliwagombeza kwa Kinyarwanda, mbuzi kwa Kinyambo, na watoto wa shule waliopita wakivunja majani ya migomba aliwagombeza kwa Kiswahili. Akishamaliza kugomba, aliwaita akawapa ndizi za kuchoma.

Jirani yake alikuwa Kokubanza, ama Mama Cassian, Mnyambo wa hapohapo, naye mjane. Ujane ndio uliowaunganisha. Waliazimana moto, waliazimana chumvi, na kila mmoja aliogopa ulimi wa mwenzake. Baina ya vibanja vyao kulikuwa na mstari wa miramura. Wa kwetu mnaijua. Kwa msikilizaji wa mbali, mramura ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani. Penye mramura, mkono wako unaishia hapo.

Mwishoni mwa mwaka 1978 vita vikaja Kagera. Watu wakafunga mizigo. Kokubanza akabeba watoto wake wanne, akakimbilia kule Ndama kwa kaka yake. Alimsihi Immaculata waondoke pamoja. Immaculata akakataa. "Nimeshahama nchi moja," alisema. "Sihami ya pili. Niachie ufunguo na mbuzi."

Miezi kumi, wasikilizaji wapendwa. Miezi kumi mwanamke yule alilima vibanja viwili. Nyumba ya Kokubanza ilipovuja, alipanda juu mwenyewe akaiezeka. Mbuzi akazaa, vitoto akavilea. Kisha wakapita watu waliokuwa wakihamisha ng'ombe, na ng'ombe hawasomi mipaka. Miramura ikakanyagwa yote, ikalala chini.

Immaculata akaipanda upya. Na hapo ndipo jembe liliposogea.

Kulikuwa na migomba minne upande wa Kokubanza, karibu na jalala la jikoni, penye udongo mweusi wenye mbolea. Mikungu yake ilikuwa mizito hadi ikahitaji kuegemezwa nguzo mbili. Immaculata alisimama akaitazama. Akawaza miezi kumi ya kulima shamba lisilo lake. Akawaza mgongo wake. Akaichukua miche ya miramura, akaipanda hatua tano ndani ya kibanja cha Kokubanza, ng'ambo ya ile migomba minne. Kazi ya asubuhi moja.

Kokubanza akarudi mwaka 1979. Akakuta nyumba imeezekwa na mbuzi wamekuwa watatu. Akamkumbatia mwenzake, wakalia wote wawili. Kuhusu mpaka hakusema neno. Naye Immaculata hakusema neno. Mwanamke asiyejua kunong'ona akapata kitu cha kunyamazia.

Ndizi za migomba ile alizila miaka sita. Alisema baadaye kwamba zilikuwa tamu, ila kila mara alizila akiangalia mlango.

Miaka hiyo kero yake ilikuwa moja tu, ngedere. Kila msimu wa kuchuma kahawa, mikahawa yake ya bondeni ilitoa kidogo kuliko alivyoihesabu kahawa ikiwa mbichi. "Ngedere hawa wataniua!" alipiga kelele. Malalamiko yote aliyapeleka kwa Kokubanza, na Kokubanza alimsikiliza, akamtikisia kichwa kwa huruma.

Sasa tufike kwenye uvimbe.

Ilikuwa Julai 1984. Immaculata alikuwa ameanika kahawa tangu asubuhi, jua kali, vumbi mwilini. Mchana akaingia kuoga kwenye uzio wa majani ya migomba nyuma ya nyumba. Alipokuwa akijipaka sabuni, vidole vikakuta kitu kwenye titi la kushoto. Kitu kigumu, kama punje ya harage. Hakikuuma. Ukikisukuma kinateleza.

Akasimama pale na povu likamkaukia mwilini. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Dada yake Therese alikufa kwa titi. Lilianza hivyohivyo, kisha likavimba, kisha likafunguka kidonda. Immaculata ndiye aliyemwosha dada yake mpaka siku ya mwisho. Alilijua neno kansa, na alijua harufu yake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Immaculata aliujua msemo huo kama sisi sote tunavyoujua, na akaficha kama wengi wetu tunavyoficha. Alificha miezi minane. Miezi minane, wasikilizaji wapendwa.

Aliligusa titi lile asubuhi akiamka. Aliligusa kabla ya kwenda shambani. Akipika, mkono mmoja ulikuwa kwenye mwiko na mwingine ndani ya blauzi. Leo alisema kimekua, kesho akasema kimepungua, kesho kutwa akasema viko viwili. Akikohoa kidogo, alisema imeshafika kifuani. Mgongo ukimuuma baada ya kulima, alisema imeshafika mgongoni. Akashindwa kula. Kwa kushindwa kula akakonda. Alipojiona amekonda, akasema basi, ushahidi huo hapo. Kwaya ya kigango akaiacha, kwa sababu wanakwaya wa pale huimba wakinyanyua mikono. Msimu wa senene ulikuja ukapita, na yeye hakutoka hata siku moja kwenda kuwakamata.

Aliyemgundua ni Kokubanza. Mwezi Machi 1985 walikuwa wakibeba maharage, na Kokubanza akaona mwenzake anapokea mzigo kwa mkono mmoja tu.

"Mama Theoneste, unaficha nini ubavuni humo?"

"Sifichi kitu."

"Waitu, wewe hujui kudanganya. Funua."

Akafunua. Kokubanza akalishika titi, akaikuta ile punje, kisha akasema, "Kesho gari la Abdulrahim linakwenda Kayanga. Utapanda." Na kesho yake alimsindikiza mpaka barabarani, kusudi asirudi njiani.

Abdulrahim alikuwa na duka pale senta, mtu mwenye asili ya Tanga, na pikapu yake ndiyo iliyokuwa usafiri wa watu wote wenye shida. Mkewe Mwanamisi alisema mgonjwa akae mbele, magunia yakae nyuma. Abdulrahim akafungua mlango. "Shikamoo mama. Usiniambie unaumwa nini. Niambie tu unashuka wapi," alisema. Immaculata hakuusahau wema huo maisha yake yote.

Akafika hospitali ya misheni. Akapokelewa na muuguzi Joviana, ambaye siku hizi amestaafu na ambaye amenisimulia haya kwa mdomo wake. Daktari alimpima, Immaculata akamkodolea macho, akamuuliza kwa ile sauti yake, "Daktari, ni kansa?" Wodi nzima ikageuka.

"Sijui," daktari akajibu. "Na anayekuambia anajua kwa kushika tu anakudanganya. Tutautoa, halafu tutaupeleka Mwanza ukapimwe."

Wakamchoma sindano ya ganzi, wakautoa. Immaculata akauona uvimbe wake kwenye kichupa chenye dawa, umefungwa plasta iliyoandikwa jina lake. Akaambiwa majibu baada ya wiki saba. Wiki saba. Akarudi Songambele na bandeji, na moyoni alikuwa ameshajizika.

Kitenge chake kizuri akampa binti wa ndugu. Akamtajia katekista nyimbo tatu anazozitaka, na moja asiyoitaka hata kidogo kwa sababu waimbaji huivuta mno. Yote hayo aliyafanya vizuri, kwa utaratibu, kama mtu anayefagia ua kabla ya wageni. Likabaki jambo moja. Kumwonyesha mrithi mipaka.

Kwetu mzazi akiona siku zake zimekaribia humwita mrithi, humwita balozi wa nyumba kumi, na majirani wote wa mpakani husimama kila mmoja upande wake. Mzazi hutembea, akashika mramura mmoja baada ya mwingine, na kila akishika husema, "Hapa." Jirani hujibu, "Hapa." Na inaaminika kwamba mzazi akimwonyesha mwanawe mpaka wa uongo, mwana huyo hataona mkungu uliojaa katika kibanja hicho. Hili si jambo la mchezo.

Ilikuwa wiki ya tano ya kusubiri, saa nne asubuhi. Theoneste alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, anajiandaa kuoa. Balozi alikuwa mzee Byarugaba. Upande wa mashariki alisimama Kokubanza, amejifunga khanga kiunoni.

Immaculata akaanza juu, njiani. Akashika mramura wa kwanza. "Hapa." Kokubanza akajibu, "Hapa." Wa pili, hapa. Wa tatu, hapa. Wakashuka hivyo mpaka jirani na jalala la jikoni, penye udongo mweusi. Immaculata akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani.

Alimtazama mwanawe. Akamwazia mke atakayekuja na watoto watakaozaliwa. Akaitazama migomba minne, mikungu yake mizito kama kawaida. Kufa aliogopa, lakini alisema baadaye kwamba dakika ile aliogopa zaidi kumwachia Theoneste shamba lenye laana. Akakaa chini.

"Mpaka si hapa," alisema. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema polepole. "Mpaka uko huku kwangu, nyuma ya migomba hii minne. Niliuhamisha mimi, mwaka wa vita. Mama Cassian, niliiba ardhi yako ukiwa umekimbia na watoto. Nisamehe, nisiende nalo kaburini."

Mzee Byarugaba akakohoa. Theoneste akatazama vidole vya miguu yake.

"Umemaliza?" Kokubanza akauliza.

"Nimemaliza."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua tangu juma lile nililorudi. Marehemu baba mkwe alifukia mkaa na vigae vya chungu chini ya kila mramura. Nilichimba kwako ulipokwenda kanisani, nikavikuta vyote palepale."

"Na miaka yote hii ukanyamaza?"

"Ulinilelea mbuzi," Kokubanza akasema. "Uliezeka nyumba yangu wakati risasi zinasikika. Nikasema, mwache ale ndizi."

Immaculata akalia. Sauti yake ikarudi, na waliokuwa kisimani waliisikia. Byarugaba alitaka miramura ing'olewe saa ileile, lakini Kokubanza akamzuia. "Mzee, tumzike mtu na mpaka kwa mara moja? Tusubiri majibu yake kwanza."

Wiki mbili baadaye Immaculata akapanda tena pikapu ya Abdulrahim, mbele. Joviana akamkuta kwenye benchi, amevaa nguo yake ya Pasaka. Akafungua bahasha, akasoma, akaketi karibu naye.

"Mama, si kansa."

"Rudia."

"Si kansa. Ni uvimbe wa kawaida, na tumeshautoa wote. Umepona."

"Rudia tena, mwanangu."

Akarudia mara ya tatu. Immaculata akashika kichwa kwa mikono miwili, na badala ya kumshukuru Mungu akapiga ukelele: "Sasa mbona hamkuniambia wiki mbili zilizopita? Mimi nimeshatubu!"

Joviana alicheka hadi akaegemea ukuta. Anasema katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuona mgonjwa aliyepona akakasirika namna ile. Ila hasira haikufika hata lango la hospitali. Njia nzima ya kurudi Immaculata aliimba, Abdulrahim akiendesha na kujizuia kucheka.

Kokubanza alimpokea kwa vigelegele. Alipomaliza, akauliza, "Na migomba yangu?"

"Ichukue! Mng'ang'anizi wewe."

Byarugaba akaja, miramura ikarudi juu ya mkaa na vigae vyake. Migomba minne ikarudi kwa mwenyewe. Lakini Kokubanza alitoa sharti lake. Mkungu wa kwanza utakaokomaa utapikwa jikoni kwake, unaofuata utapikwa kwa Immaculata, na popote utakapopikwa watakula wote. Zamu kwa zamu. Wakaiita migomba ya majibu. Walikula hivyo miaka kumi na mitatu, na Immaculata hakuangalia mlango tena.

Akawa na furaha, wasikilizaji wapendwa, nasema wazi. Theoneste akaoa, wajukuu wakaja watano. Kwayani akarudi, akanyanyua mikono yote miwili. Na kila siku ya kliniki alisimama kwenye foleni ya zahanati akasema kwa sauti, "Wanawake, shikeni matiti yenu! Mkikuta kitu msikae nacho miezi minane kama mimi mjinga!" Wanaume waliosindikiza wake zao walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nje.

Zuleha, dada yake Abdulrahim, alimsikia. Akajipima, akakuta kitu, akaenda hospitali wiki ileile. Wa kwake ulikuwa kansa kweli. Ulikatwa mapema. Mwaka wa sita huu, Zuleha yuko dukani anauza sukari, na ndiye aliyeongoza wanawake kupika siku ya msiba.

Nilipomaliza kuhani, Kokubanza akanishika mkono, akaniongoza nyuma ya nyumba. Mzee sasa, ana fimbo. Macho yalikuwa mekundu.

"Mwanangu wa redio, nina neno. Ulitangaze, maana mwenyewe amekwenda na siwezi kumwambia tena."

"Neno gani, mama?"

"Wale ngedere wa bondeni. Ngedere ni mimi."

Kumbe kesi ya ngedere ilikuwa ikipelekwa kwa nyani! Bibi yule aliniambia yote. Alipovikuta vile vigae mwaka 1979 alikasirika sana. Kudai aliona aibu, maana mwenzake alimlelea mbuzi. Basi kila msimu alishuka bondeni, akajichumia kapu moja la kahawa, akajilipa kimyakimya. Siku ya miramura, Immaculata alipokuwa akilia chini, neno lilimjia mpaka ulimini, akalimeza. Msimu uliofuata aliacha. Lakini hakusema.

"Alinishukuru mbele ya watu kwa moyo wangu mkubwa," alisema, akifuta pua kwa khanga. "Nilikuwa nasubiri niugue kwanza, nami nitubu. Sikuugua! Amekufa anadhani mimi ni mtakatifu."

Tukamwita Theoneste, akamweleza yeye mwenyewe. Theoneste alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, taratibu, machozi yakimtoka.

"Shangazi," alisema, maana ndivyo anavyomwita tangu utoto, "mwaka ule baada ya mpaka kurudi, mikahawa ya bondeni ilijaa hadi matawi yakainama. Nikamuuliza mama, ngedere wamekwenda wapi? Mama akacheka siku nzima. Akasema, 'Nadhani na wao wamepata majibu yao.' Na akanikataza kulitaja jambo hilo mbele yako."

Miaka kumi na mitatu, wasikilizaji wapendwa. Mwanamke asiyejua kunong'ona.

Tunatoa pole kwa Theoneste, kwa mkewe na watoto wao watano, kwa wanakwaya wa kigango, na kwa majirani wote wa Songambele. Pole ya pekee kwa bibi Kokubanza. Mungu ampumzishe Immaculata Uwimbabazi mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Aliyekuta uvimbe, mdogo au mkubwa, unaouma au usiouma, asikae nao nyumbani akiuhesabu. Aende apimwe. Huenda ukawa kama wa Immaculata. Huenda ukawa kama wa Zuleha, na mapema ndiyo dawa. Na aliye na mramura wake uliosogea, au kapu lake la kahawa, asisubiri kuugua.

Juzi Kokubanza alinitumia salamu kwa pikapu ya Abdulrahim. Mkungu mmoja wa migomba ya majibu umekomaa, na zamu hii ilikuwa ya Immaculata. Ameukata, amewabebesha wajukuu, na umepikwa jikoni kwa Immaculata.